Serikali Ilipooa Mmumunye

Palikuwa na nchi, na bado ipo, maana nchi ni kama punda: haifi upesi hata ikipata mwenyewe mbaya. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Kila Mtukufu anayekalia kiti huja na jina lake jipya la nchi, na mihuri mipya, na wimbo mpya, na sisi wa milimani habari hutufikia wakati wimbo umeshabadilishwa tena. Mimi shule niliishia mlangoni. Kwa hiyo nikikosea jambo la serikali, anayejua anisahihishe, ila asije na gari.

Naitwa Mbaruku. Mke wangu alikuwa Mwantumu. Hatukujaaliwa mtoto, na kijiji kizima kilimtwisha yeye lawama, kwa sababu mimi nilikuwa na ndevu.

Mwantumu alipenda mmumunye-mwitu. Huo ni mmea wa ukoo wa maboga na matango, lakini haukai shambani na ndugu zake. Hutambaa juu ya miti mikubwa ya msituni, shina lake limevaa gome laini kama kizibo cha chupa, na tunda lake likishakauka sawasawa hufunguka kwa chini kama mfuko uliotoboka. Mbegu hutoka moja moja zikipeperuka, kila moja ina bawa jembamba kama ganda la kitunguu. Mwantumu alitundika tunda moja juu ya mlango wetu, kavu lakini halijafunguka. Upepo ukilitikisa, mbegu zikicheza ndani, anasema, "Sikia, Mbaruku. Wanetu hao wanagombana."

Wakati huo msitu ulikuwepo. Baadaye serikali, kwa kutupenda, ikamkabidhi msitu shemeji yake waziri mmoja autunze, naye akautunza kwa msumeno. Ndipo mmumunye-mwitu ukawa mmea adimu. Siku moja waziri huyo mwenyewe alijisifu jukwaani kwamba ni serikali yake, wala si nyingine, iliyoufanya mmea huu uwe adimu duniani. Watu wakapiga makofi. Na kwa kweli siku ile hakusema uongo.

Mwantumu aliugua kifua wakati wa masika. Zahanati yetu ilikuwa na bango na mlinzi. Mganga na dawa vilikuwa wilayani, na barabara ya kwenda wilayani ilikuwa kwenye hotuba. Tukambeba juu ya kitanda cha kamba, wanaume kwa zamu, katika utelezi ule. Tulipofika kwenye mteremko wa mawe meusi akanipa ishara nisogeze sikio.

"Mbaruku," akasema, "ukija, usinilalie mbali."

Tukageuza kitanda, tukarudi naye.

Nilimzika pembeni mwa shamba, chini ya mkenge. Saruji sikuwa nayo, nikaweka lile tunda kavu kichwani pake liwe alama. Na ubavuni pake nikaacha mahali, urefu wa mwili wangu na upana wa mabega yangu. Pale pakawa ndipo mali yangu yote. Nilipapalilia kama watu wanavyopalilia mahindi. Tunda likafunguka, mbegu zikaenda zilikokwenda, moja ikabaki juu ya kaburi. Ikaota, ikaushika mkenge, ikapanda.

*

Wakaja wageni wenye kofia pana na kamera. Waliuona mmea ule wakapiga magoti, mmoja akatokwa na machozi. Wakauliza wengine uko wapi. Tukawaonyesha visiki.

Habari ikafika kwa Mtukufu kwamba katika nchi yake kuna kitu ambacho wenzake hawana. Akateuliwa Waziri wa Mimea Adhimu na Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Dakta Songoro, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima vilevile. Na hapo, ndugu zangu, nikaiona serikali ikifanya kazi. Nilikuwa nimeambiwa miaka yote kwamba mlima wetu haukubali barabara, una mwamba mbaya. Kumbe mwamba ulikuwa unasubiri mmea. Barabara ilipanda kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ikapita palepale kwenye mawe meusi, lami nyororo, ungeweza kuilalia. Juu yake likaja gari la wagonjwa, jipya, likaegeshwa kando ya mkenge, injini inanguruma mchana kutwa. Akaja pia muuguzi wa kupima joto la shina asubuhi na jioni. Ukaja pia mtungi wa hewa, kama mmea utabanwa na kifua.

Mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, tukaomba lile gari. Dereva alikuwa mtu mpole sana. Akasema, "Nawasikitikia, lakini huyu mama ana majani?"

Kisha wakajenga ua wa waya kulizunguka kaburi, na ndani ya ua kibanda cha mlinzi. Nilipokwenda na jembe langu mlinzi akanisimamisha.

"Kibali."

"Kibali cha nini, mwanangu? Nakuja kupalilia kaburi la mke wangu."

"Kaburi halimo kwenye ramani, mzee. Kwenye ramani kuna mmea tu."

"Na hicho kibanda mmekijenga wapi?"

"Mahali pa wazi. Hapakuwa na mtu."

"Mtu ni mimi. Hapo ni pangu, ubavuni pa mke wangu."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepandwa na homa. "Mzee, wewe uko huku nje. Ungekuwa mle ndani, si ningekuona?"

Nikarudi nyumbani na jembe langu. Jibu lake ni la mtu aliyesoma.

*

Mmea ukachanua maua meupe, yakapukutika. Ukachanua tena, yakapukutika tena. Tunda hakuna. Waziri akapanda mlimani kwa msafara, na nyuma yake mtaalamu mmoja aliyevaa miwani. Mtaalamu akaeleza kwamba mmumunye-mwitu si kama boga la shambani, ambalo mke na mume hukaa shina moja. Huu mume ana shina lake na mke ana shina lake. Huu wetu ni jike, na hauna mume.

Mheshimiwa Songoro akashika kifua. "Binti! Binti wa taifa, amevunja ungo, amekaa juu ya mti hana mume, na wageni wanampiga picha! Hii ni serikali yenye maadili. Aozwe."

Mtaalamu akasema labda ingetosha kuleta chavua kidogo kwenye brashi. Waziri akamwuliza kama yeye mwenyewe mama yake aliolewa kwa brashi. Mtaalamu akafuta miwani, na tangu siku hiyo alikuwa anaifuta tu.

Sasa harusi inataka wazazi. Wanasheria wakakaa wakaona hivi: mmea umetoka kwenye kaburi la Mwantumu, basi Mwantumu ndiye mama, na mimi mumewe ndiye baba. Kaburi ambalo halikuwemo kwenye ramani likaingia kwenye gazeti la serikali. Nikavishwa kanzu nyeupe, mgongoni imeandikwa "Mali ya Wizara", nikaketishwa mkekani kupokea posa ya mwanangu.

Hapa nieleze kidogo kwa wasio wa huku kwetu. Milimani posa si mchezo. Kuna mahari yenyewe, kuna kilemba cha baba, na kuna mkaja wa mama. Mkaja ni ile nguo ambayo mama alijifungia tumbo baada ya kumzaa binti, na bila kuulipia hakuna ndoa. Hata watoto saba wakizaliwa, hao ni watoto wa kuokota. Halafu kuna heshima ya mkwe. Mkwe hamtazami mama mkwe. Mimi mama yake Mwantumu nilimjua kwa sauti tu; akitokea njiani, mimi huyo, ndani ya mahindi. Na alipokufa tulikaa ng'ambo ya kilima mpaka udongo ulipomfunika, kwa sababu mkwe akishika jembe kwenye kaburi la mama mkwe, hata kama anazika, amemvua nguo. Na mkwe si bwana harusi peke yake. Ni upande wake wote, baba, kaka, hata mpika wali wao. Mila hii iko kwetu, iko bondeni, iko mpaka mkoani kwa Mtukufu. Ndiyo sheria pekee ya nchi ile ambayo haijabadilishwa na mtu.

Mkuu wa Wilaya, Bwana Chembera, mtu wa milima yetu mwenye tumbo la mjini, ndiye aliyekuwa mshenga. Waziri akasimama mbele ya redio ya taifa, akavuta pumzi.

"Wananchi! Msidhani leo anayeoa ni mmea! Wala msidhani anayeoa ni mkoa! Leo inaoa Serikali nzima, kuanzia kwa Mtukufu, baba wa bwana harusi, mpaka kwa mfagiaji wa mwisho wa bohari ya mwisho! Mawaziri ni wakwe! Majeshi ni wakwe! Kila anayekula mshahara wa taifa, leo ni mkwe wa mlima huu!"

Vigelegele. Bwana Chembera akanigeukia. "Mzee Mbaruku, tunauliza kilemba chako."

"Kichwa changu hakina baridi," nikasema.

Mwajabu, dada yake Mwantumu, akanifinya kwa nyuma. "Shemeji, omba mbuzi, zuzu wewe! Omba bati! Serikali haioi kila siku."

"Na mkaja wa mama?" akaendelea Bwana Chembera.

Nikasema mkaja ninautaka. Mama wa binti aachwe alipolala, asisogezwe. Na ubavuni pake kibanda kiondoke, maana pale ni pangu.

Waziri akacheka mpaka akapanguswa jasho. "Hilo tu? Mzee, watu huomba trekta! Mkaja umekubaliwa. Kibanda kitaondoka mara tu harusi ikiisha." Akanishika mkono, redio ikausikia mkono unavyoshikwa.

*

Bwana harusi alitafutwa nchi nzima. Kila mkoa ulileta picha ya mmumunye wake, na mikoa isiyokuwa na msitu ilileta picha za matango. Ushindi ukaenda, kwa haki na uwazi, kwa mkoa wa Mtukufu. Huko ulikuwepo mmea mmoja mnene, umeangikwa matunda makubwa kama vibuyu vya maziwa. Kamati ikasema, "Huyu ndiye mume. Tazameni mali aliyonayo." Pembeni yake palikuwa na mmea mwingine mwembamba, una viua viua tu, hauna tunda hata moja. Huo ukaonekana ni goigoi anayekula mbolea bure, ukafyekwa ili lori lipite.

Lori likaja limepambwa kanga. Mke wa Waziri akawa kungwi wa taifa. Alifungiwa uani na bibi harusi akimfundisha unyumba, na kwa posho aliyoipata nadhani alimfundisha yote. Bwana harusi akapandwa upande wa pili wa kaburi, matunda yake yananing'inia. Ngoma zikapigwa.

Mwajabu alikuwa amesimama nami. Akatazama, akainamisha kichwa, akatazama tena.

"Shemeji."

"Nini?"

"Bwana harusi ana mimba."

"Nyamaza, Mwajabu."

"Ninyamaze nini? Tena ya mapacha! Na huyo wa miwani anajua, tazama anavyofuta."

Kweli mtaalamu alikuwa anafuta miwani kwa kasi. Bwana Chembera naye alikuwa anatazama mawingu. Kila mtu uwanjani aliyewahi kulima boga alikuwa anatazama kitu kingine. Sisi wote tulijua kinachozaa ni nani, lakini mume ametoka mkoani kwa Mtukufu, na mume wa namna hiyo hata akinyonyesha ni mume.

Harusi ikaisha. Kibanda hakikuondoka. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba harusi ya taifa haiishi, inaendelea mioyoni.

*

Misimu ikapita. Matunda ya bwana harusi yakakauka, yakafunguka, mbegu zikaruka. Bibi harusi alichanua, akapukutisha. Mtukufu akauliza mjukuu yuko wapi, na Mtukufu akiuliza, mtu hupotea. Waziri akaunda tume. Tume ikaenda kuuchunguza mmea wetu kwenye hoteli moja ya ufukweni, huko ambako hauoti, ili isipendelee.

Niliyasikia majibu redioni nikimenya muhogo. Bwana harusi hana kasoro. Bibi harusi ni tasa. Na utasa wake, ikasema tume, ameurithi kwa njia ya udongo kutoka kwa mama yake, marehemu Mwantumu, ambaye kwa ushahidi wa majirani hakupata kuzaa. Hivyo mama aondolewe chini ya binti, apelekwe mahali panapomfaa, udongo ubadilishwe.

Kisu kilinikata kidole wala sikukihisi. Akiwa hai, tasa alikuwa anaitwa na wanawake wa kisimani. Sasa alikuwa anaitwa tasa na Jamhuri.

Wakaja asubuhi: askari na majembe, Waziri, Bwana Chembera, redio, na sanduku jipya la bati la kumtilia mke wangu. Mlima mzima ulikuwa umejipanga nje ya waya. Mimi nilivaa ile kanzu ya Mali ya Wizara, kwa sababu ndani yake mlinzi hunipisha.

"Mzee," akasema Waziri, "usilie. Taifa linadai."

"Silii, Mheshimiwa. Nauliza tu, maana mimi shule sina. Mkaja je?"

"Mkaja ulikuwa wakati ule."

"Haya. Na ukwe nao ulikuwa wakati ule?"

"Ukwe gani?"

"Ulisimama hapa ukasema serikali nzima ni mkwe. Mtukufu baba wa bwana harusi, mawaziri wakwe, majeshi wakwe. Tulisikia sote. Na huyu hapa chini ni mama mkwe wenu. Sasa mnataka kumfunua. Sikuzuii. Nauliza tu nani aanze, tumjue."

Askari wa kwanza akalitazama jembe lake kama nyoka. Akaliweka chini polepole, akageuza uso. Wa pili akaliweka. Bwana Chembera, na tumbo lake lote la mjini, alikuwa ameshaingia kwenye mahindi. Tuliona kofia tu.

"Leteni vibarua!" akafoka Waziri.

"Ukiwalipa wewe wanakula mshahara wa taifa," akasema Mwajabu kutoka nje ya waya. "Wakwe hao!"

"Basi nitachimba mwenyewe!" Akanyakua jembe. Wanawake wa mlima wote wakageuka wakampa mgongo, wakajifunika kanga usoni, na Mwajabu akapaza sauti iliyoingia redioni moja kwa moja: "Jamani tazameni mbali! Mkwe anamvua mama mkwe sanda! Anamvua kwa niaba ya Mtukufu!"

Jembe lilikuwa juu. Nikaiona ile sentensi ikimwingia Waziri sikioni, ikitembea, ikifika kwa Mtukufu mjini, ikirudi. Akalishusha jembe taratibu begani, akatabasamu, akakigeukia chombo cha redio.

"Wananchi," akasema, "nilitaka tu kuwapima. Nimefurahi kuona mila zetu ziko hai. Serikali inamheshimu mama mkwe wake, na kwa kumheshimu, inaondoka hapa na haitamtazama tena."

Na hiyo ndiyo ahadi ya pekee waliyoitimiza. Mkwe hakai karibu na mama mkwe: mlinzi akaondoka, muuguzi akaondoka, gari la wagonjwa likashuka kwenye lami tupu likipiga king'ora. Hakuna wa kuitunza barabara, na masika yaliyofuata mawe meusi yakatokeza tena kama meno. Nilijua yatatokeza. Kabla ya mmea sikuwa na barabara, na baada yake sina.

Redioni wakatangaza mambo yamekamilika: bibi harusi ameshika mimba, matunda ni tele, Mtukufu amepata wajukuu. Waziri akapewa nishani ya ukunga.

*

Kile kibanda nilikibomoa mwenyewe, ubao kwa ubao, nikampa Mwajabu ajengee banda la mbuzi aliotaka niombe. Kwa nyuma yake, palipokuwa na choo cha mlinzi, nikakuta mmumunye mwembamba umeota, mbegu ya yule bwana harusi mjamzito. Ukakua, ukaushika mkenge, ukachanua viua viua, hauna tunda hata moja. Goigoi. Nikauacha.

Msimu uliofuata yule binti wa Mwantumu akazaa.

Nilisimama chini nikatazama matunda yale mpaka shingo ikauma. Kisha nikatazama barabarani. Unajua tabu yake? Redio ya nchi ile ilikuwa imesema uongo, na sasa uongo ule umegeuka kweli, na kweli ikijulikana watakuja na bendi. Kwa hiyo kila msimu napanda mkenge na umri wangu huu, nayachuma yote kabla hayajaonekana kutoka bondeni. Mbegu nampa Mwajabu na wenzake wakienda kuni, wanaziachia upepo kule kwenye visiki, wala hatumwambii mtu. Ukikutana na mtu wa serikali akikuuliza, mwambie bado ni tasa.

Tunda moja tu huliacha. Nalitundika juu ya mlango mpaka likauke. Jana upepo ulivuma, mbegu zikagombana humo ndani. Nikaenda kwa mkenge, nikajinyoosha pale ubavuni pa mke wangu, kupima tu. Miguu inafika, mabega yanaenea.

Si mbali.